Ugonjwa wa Kompyuta Mama

Sehemu ya Tisa

Barua zenu nimezisoma. Msomaji mmoja wa Kansanga ameniita katili, eti nimemfungia Lailah ndani halafu nikaenda zangu kulala wiki nzima. Ndugu yangu, aliyefunga si mimi. Ni Babra, na kufuli lilipolia kwa nje ndipo nafasi gazetini iliponiishia.

Basi turudi humo ndani, tuone kama anapumua.

Lailah aliusukuma mlango kwa bega mara mbili. Haukutikisika. Ulikuwa mlango wa chuma, uliowekwa mwaka juzi baada ya wezi kupanda mpaka ghorofa ya nne, hapo Nakasero, Kampala, na kushuka na betri zote za seva. Tangu siku hiyo kampuni haikuamini tena milango ya kadi. Ilitia kufuli la kawaida, kubwa kama ngumi, na ufunguo wake mmoja ukakaa kwenye mkoba wa mkurugenzi.

Simu ya Lailah ikatetemeka. Ujumbe wa Babra, mkurugenzi mwenyewe: "Kaa humo humo. Najua ni wewe uliyeingiza kirusi. Polisi wako njiani."

Kwa aliyenunua gazeti leo kwa mara ya kwanza, habari ni fupi. Lailah ndiye fundi anayelinda kompyuta pepe za kampuni hiyo. Kompyuta pepe ni kompyuta isiyo na mwili. Ndani ya seva moja ya chuma zinakaa arobaini, kila moja inajiona iko peke yake duniani, na kila moja ina mteja wake. Mmoja wa wateja hao ni hospitali ya uzazi. Tangu asubuhi ya Ijumaa hiyo kirusi kilikuwa kinazifunga faili za wateja moja baada ya nyingine, na kilikuwa kimeingia kwa jina na nywila ya Lailah.

Hilo la mwisho ndilo lililompa hofu. Asipoonyesha ni nani aliyetumia jina lake kabla mlango haujafunguliwa, atatoka humo na pingu mikononi.

"Mzee Olanya," aliita kupitia kidirisha cha nondo kilichokuwa mlangoni. "Uko hapo?"

"Mimi iko." Mlinzi wa ghorofa hiyo, askari mstaafu, alikuwa ameketi kwenye meza yake koridoni. "Lakini ufunguo mimi hapana nayo. Mkubwa alienda nayo. Alisema, Olanya, huyu mtu hapana toka."

"Na wewe unaamini ni mimi?"

"Mimi hapana amini kitu. Mimi nalinda tu." Akasogea kwenye kidirisha. "Madam, wewe natoka jasho mingi. Iko nini huko?"

"Kiyoyozi kimezima. Kompyuta inayokiendesha nayo imeumwa."

"Kumbe hata baridi iko na kompyuta?"

"Humu kila kitu kina kompyuta, mzee wangu. Isipokuwa kufuli lako."

Kipimo cha joto ukutani kilisoma thelathini na nne. Kikifika arobaini, seva itajizima yenyewe, na Lailah atabaki na chumba cha moto na maneno matupu. Akaketi mbele ya skrini.

Mara tatu asubuhi hiyo alikuwa ameifuta kompyuta pepe ya hospitali na kuzalisha nyingine mpya mahali pake. Mara tatu ile mpya ilifanya kazi vizuri kwa dakika kumi na moja, kisha ikaanza kufunga faili. Lailah aliamini kwamba inaambukizwa na majirani zake. Safari hii alizalisha mpya, akaikatia kila njia. Haikuwa na mtandao wala jirani, na hakuna aliyeweza kuifikia. Akaweka saa ya simu na kusubiri.

"Madam, mbona kimya?"

"Nangoja kuona kama mtoto ataumwa akiwa peke yake."

"Mtoto ya nani tena?"

"Wa kompyuta. Hebu niambie, mzee, Babra alisema nini aliposhuka?"

"Alisema kwa simu, polisi iko kwa jam ya magari. Alisema nisiongee na wewe."

"Na mbona unaongea?"

"Amri ilikuja kwa simu. Mimi amri ya simu nasikia, lakini nangoja ile ya karatasi."

Lailah alicheka, kicheko kidogo kilichomshangaza hata yeye. Dakika ya sita. Ya tisa. Jasho lilimwingia machoni, akalipangusa na ncha ya mtandio wake.

Dakika ya kumi na moja, faili ya kwanza ikajifunga.

Hakuna aliyeigusa. Hakuna jirani aliyeiambukiza. Ilikuwa imezaliwa na ugonjwa, na zile tatu za asubuhi pia. Lailah akaelewa.

Ngoja niwaeleze haraka, maana polisi wanakaribia. Kompyuta pepe mpya haitengenezwi kutoka hewani. Hunakiliwa kutoka moja wanayoiita kompyuta mama. Mama hulala mwezi mzima. Siku moja huamshwa, huwekewa yaliyo mapya, kisha hulazwa tena. Akilala, antivairasi, ile programu ya kukamata virusi, iliyo ndani yake nayo imelala. Ile ya seva ndiyo ingeweza kumpekua akiwa usingizini, lakini iliambiwa isifungue kabisa sanduku lake, yaani faili anamolala.

Na aliyeiambia hivyo ni nani? Ni Lailah. Kila asubuhi antivairasi ilipoanza kupekua, kompyuta zote arobaini zilikuwa zinatambaa, na wateja walimpigia yeye. Akachoka kutukanwa. Akaweka tiki kwenye kisanduku kimoja, simu zikanyamaza, na mwenyewe akasahau.

"Ni mimi," alisema kwa sauti.

Kiti cha Olanya kilikwaruza sakafu. "Wewe nasema nini?"

"Kirusi sikukileta, mzee. Lakini mlango kiliopitia, mimi ndiye niliyeuacha wazi."

"Hiyo maneno polisi asisikie," Olanya alisema kwa sauti ya chini. "Wewe ongea na mimi tu."

Lailah hakuwa na muda wa kujilaumu, ingawa alijilaumu. Alifungua kabati, akatoa diski ya nje. Humo alikuwa amehifadhi nakala ya kompyuta mama ya mwezi wa kwanza, kabla ya haya yote, nayo haikuwahi kuunganishwa na kitu tangu siku hiyo. Akazalisha kutoka kwayo kompyuta mpya ya hospitali, akaikatia njia zote kama ile nyingine, akaweka saa upya.

Wakati inaendelea, alimfungua yule mama mgonjwa bila kumwamsha. Akasoma kumbukumbu zake mstari kwa mstari. Joto lilikuwa thelathini na sita.

Mstari ukatokea. Tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu, saa kumi na mbili na dakika hamsini na nane jioni. Faili moja iliingizwa, ikiwa na amri ya kungoja mpaka Ijumaa hiyo. Mtumiaji: Lailah. Kutoka laptop iitwayo CZ8147K.

Siku hiyo aliikumbuka. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na ndiyo siku aliyomwamsha mama kumwekea yaliyo mapya. Saa hiyo adhana ilikuwa imetoka tu, naye alikuwa kwenye jiko la ofisi, tende mkononi, akimshukuru Mungu kwa glasi ya maji. Kwenye kompyuta hakuwepo. Nywila yake aliijua yeye peke yake, au ndivyo alivyodhani.

Na hilo jina la laptop, mbona halikuwa jina? Laptop zinazokuja za mtumba kutoka Ulaya mara nyingi hubaki na jina zililopewa na ofisi za kwanza, na ofisi hizo huziita kwa namba iliyobandikwa chini. Sasa niulizeni, Kampala hii, ni nani anayehangaika kunakili namba iliyo chini ya laptop ya mtu?

Kila mlinzi. Ukitaka kuingia jengo lolote la maana mjini, askari ataigeuza laptop yako tumbo juu, aweke miwani, anakili namba yote kitabuni huku wewe unaangalia saa. Ukitoka anaikagua tena. Watu hulalamika, husema ni ushamba. Lailah mwenyewe alishalalamika mara nyingi.

"Mzee Olanya, kitabu chako cha wageni kiko hapo?"

"Kitabu iko. Kitabu haiendi popote."

"Fungua mwezi wa tatu, tarehe kumi na mbili. Jioni."

Kurasa zilipinduliwa taratibu. Lailah alitamani kupitisha mkono kwenye nondo azipindue yeye.

"Tarehe kumi na mbili. Laptop iko tatu. Ya kwanza naanza na PF."

"Siyo."

"Ya pili, R, tisa, tena R."

"Siyo. Endelea."

"Ya tatu. C. Z. Nane, moja, nne, saba. K."

Kwa sekunde nzima Lailah alifurahi. Nakiri hata mimi nilifurahi naye. Alikuwa amepona, jina la mwizi lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ya wino tangu mwezi wa tatu.

"Jina, mzee wangu."

"Madam, macho yangu leo mbaya."

"Namba umesoma vizuri. Soma jina."

"Tunaweza kufunga hii kitabu," Olanya alisema polepole. "Mimi ni mtu mzima. Wakiniuliza, nasema sikuona. Hakuna mtu nashangaa mzee hapana ona."

"Mzee Olanya. Nani?"

"Ni ile mtu alikuja na chakula yako ya kufungua saumu. Alinipa sumbusa mbili, akaniuliza watoto yangu wazima." Akakohoa. "Hapa imeandikwa Mubaraka. Upande ya kazi imeandikwa, mume ya Lailah."

Lailah alisogea mbali na kidirisha. Alirudi kwenye kiti, akakaa, akainuka, akakaa tena. Mubaraka ana duka la kutengeneza simu na laptop huko Kansanga. Labda laptop ilikuwa ya mteja. Labda kirusi kiliruka chenyewe. Alijaza labda nyingi kichwani, na kila moja iligonga kwenye lile neno, mtumiaji, na jina lake mbele yake.

Akampigia mumewe simu.

"Baba Rukiah. Ile laptop uliyokuja nayo siku ulipoleta futari ofisini, iko wapi?"

Alikuwa anamwomba Mungu mumewe aulize laptop gani. Mtu anayeshika laptop za watu kumi kwa siku angeuliza laptop gani.

"Nani mwingine anajua?" Mubaraka aliuliza.

Lailah akashika ukingo wa meza. Miaka tisa ya ndoa, na swali hilo moja likatosha.

"Nisikilize, Mama Rukiah. Ile kompyuta mama bado ipo? Ifute. Ukiifuta hakuna ushahidi, watasema kirusi kilitoka mtandaoni, na wewe utarudi nyumbani leo hii."

"Ulitumia nywila yangu."

"Ni jina la mtoto wetu na siku aliyozaliwa. Ningekosaje kuijua?"

Saa ya simu ikalia. Kompyuta mpya ya hospitali ilikuwa imefikisha dakika kumi na mbili bila kufunga hata faili moja. Ilikuwa nzima. Sasa yule mama mgonjwa hakuhitajika tena, na fundi yeyote mwenye akili angemfuta hapo hapo ili asizae tena. Lailah alisogeza mshale mpaka kwenye neno Futa. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika.

Alikuwa na hakika gani? Akibonyeza, kazi yake itakuwa imefanywa sawasawa, mumewe atakuwa salama, na yeye atapandishwa gari la polisi kwa kosa lisilo lake. Asipobonyeza, Rukiah, mwenye miaka saba, atarudi kutoka shule akute baba yake hayupo.

"Futa, Lailah. Unangoja nini?"

Koridoni, viatu vya kisigino vilisikika vikija, na nyuma yake viatu vizito. Sauti ya Babra ilitangulia. "Yuko humu, ssebo, afande. Nilimfunga mimi mwenyewe, asije akaharibu vitu vingine."

"Nani alikupa ruhusa ya kufunga mtu?" sauti ya kiume iliuliza.

Ufunguo ukaingia kwenye kufuli.

Lailah aliondoa mkono kwenye kibonyezo. Aliichukua simu, akaiweka juu ya seva, akawasha spika. Mlango ulipofunguka, alimwona inspekta mrefu wa polisi mwenye kofia kwapani, ambaye jina lake kifuani lilikuwa Obita. Nyuma yake alisimama Babra, kufuli na ufunguo mkononi, na nyuma zaidi Olanya, kitabu kimebanwa kifuani.

Lailah aliweka kidole midomoni, akawatazama wote watatu. Obita akaingia hatua mbili, kimya.

"Rudia, Baba Rukiah," Lailah alisema. "Feni zinapiga kelele, sikukusikia."

"Nimesema futa," spika ilijibu, na chumba kizima kikasikia. "Mimi nilidhani ni kompyuta moja tu ya majaribio, wallahi. Madam Babra aliniapia kwamba jina lako halitaguswa. Sasa kama amekugeuka, futa, umwache na lake."

Obita aligeuza shingo polepole.

Babra hakungoja igeuke yote. Aliuvuta mlango kwa mikono miwili, kufuli likalia, na visigino vikaanza kushuka ngazi. Mambo yalienda haraka kuliko ninavyoandika. Sasa waliofungiwa walikuwa wawili, na mmoja wao ni polisi.

Obita alijaribu mlango mara moja tu, kisha akasema kupitia nondo, bila kupaza sauti. "Mzee, shuka nyuma yake. Geti lifungwe, mtu asitoke."

"Ndiyo, afande." Viatu vya Olanya vikaondoka mbio, mbio za mtu ambaye hajakimbia siku nyingi.

Kwenye simu Mubaraka alikuwa bado yupo. "Nini hiyo imegonga? Mama Rukiah, kuna nani hapo na wewe?"

Obita aliifunika simu kwa kiganja chake. Akainama mpaka sikioni mwa Lailah. "Hajui kama tumesikia. Mwambie uko peke yako. Mwulize alikutana wapi na Babra, na nani alimpa hiyo faili."

"Huyu ni mume wangu, Inspekta."

"Najua. Mimi hataniambia kitu."

Kipimo cha joto kilisoma thelathini na tisa. Taa moja ya seva ilikuwa imeanza kuwaka nyekundu, na baada yake nyingine. Lailah alimtazama huyo mtu aliyekuja kumkamata, akatazama mlango, akatazama simu iliyo chini ya kiganja. Machozi yalimtoka, hakuyapangusa. Alimchukia Mubaraka, na alikuwa bado anampenda.

Kisha akauondoa mkono wa Obita, kidole kimoja kimoja.

"Hakuna mtu," alisema. "Niko peke yangu, mume wangu. Niambie yote."